TFC ya kurasa 87 bila mfungwa hata mmoja



Miezi michache iliyopita nilienda kumsikiliza rafiki yangu akitetea TFC yake ya sheria. Kichwa chake kilikuwa kirefu, sawa vile vichwa vyote tunavyovijua: kufungwa kabla ya hukumu, na haki ya kila mtu kuhesabiwa hana kosa, katika sheria ya Kongo. Kurasa 87. Juri iliuliza maswali matano. Mawili yalikuwa juu ya namna ya kuandika majina ya vitabu chini ya ukurasa. Moja lilikuwa juu ya kichwa. Moja lilikuwa juu ya mwandishi wa Ufaransa aliyesahauliwa. La mwisho lilikuwa pongezi kuliko swali. Akapata distinksio, tukamumwangia pudra, tukapiga picha, tukakunywa.

Usiku nikafungua ile TFC ku telefone na kuisoma yote. Mimi ni mtu wa kilimo, sheria siijui, lakini nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Nilitafuta mfungwa. Mutu moja tu, hata bila jina, aliyefungwa tarehe fulani, juu ya kosa fulani, ku gereza fulani. Nikafika ku ukurasa wa 87 bila kumuona.

Nisieleweke vibaya. Rafiki yangu ni kijana wa akili na hii makala si ya kumuchekelea. Ameisoma mbele sijaituma, akaniambia: «Andika tu, ndugu, ila jina langu uliache.» Basi ninamuacha yeye. Ninayemushitaki ni mwalimu wetu sote, ni ile desturi ya kufundisha haki ya jinai sawa vile katekisimu: unashika maneno, unayarudilia, unapata pointi.

Sasa niseme juu ya nini nilikuwa natafuta mfungwa.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa mlinzi wa shamba la mutu mmoja mwenye uwezo, inje ya mji. Mwezi wa kumi, gunia sita za mahindi zilipotea ku depo. Yeye njo alikuwa na ufunguo, yeye njo alibebwa. Sheria inasema polisi haiwezi kumushika mutu kupita masaa 48 bila kumupeleka ku wakubwa wa haki. Yeye alilala ku kasho siku tano. Kiisha parke, kiisha gereza. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya siku 15. Ya pili ilikuwa ya mwezi mmoja. Karatasi ya tatu sisi hatukuiona, na hakuna aliyetuonyesha kama ilikuwako. Dosie ilikuwa «inaendelea». Avoka aliomba dola ambazo hatukuwa nazo. Mwenye shamba hakuonekana tena hata siku moja, juu alikuwa amekwisha kupata mlinzi mwingine.

Alitoka mwezi wa tano. Miezi saba. Hakuna hukumu, hakuna msamaha, hakuna aliyemuambia «pole». Mlango ulifunguliwa tu. Kwa mwanasheria ile ni miezi saba. Kwa mimi mtu wa kilimo, ni msimu. Huku kwetu Haut-Katanga mvua inaanza kushika mwezi wa kumi na moja, tunapanda, na mahindi yanavunwa mwezi wa ine na wa tano. Aliingia wakati wenzake wanalima, akatoka wakati wenzake wanapukusa. Bibi yake na watoto wawili walikula mwaka mzima mahindi ya kununua. Ile hasara haiandikwe ku dosie yoyote.

Siku alipotoka nilimuambia kwamba rafiki yangu anaandika kitabu juu ya mambo kama yake. Akauliza: «Na mule banasema nini juu yetu?» Njo maana nilikuwa natafuta.

Turudi ku TFC. Nitasema kwanza uzuri wake, juu uko. Inaeleza sheria vizuri sana. Kupitia hiyo nilijua kwamba Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ni kanuni na kifungo ni kitu cha pembeni. Nilijua kwamba kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo ni dekri ya tarehe 6/8/1959, nayo inasema kumufunga mutu mbele ya hukumu ni jambo la pekee, si la kawaida. Nilijua habari ya siku 15, na ya mwezi mmoja unaorudiliwa kwa ruhusa ya mwamuzi. Kama mama mdogo angekuwa na kurasa hizo kumi mukononi, pengine angeuliza maswali mazuri zaidi pale ku mlango.

Lakini kisha hapo, mule ndani munakuja sentensi moja, na nimeisoma mara tatu: kwamba katika maisha ya kila siku sheria hii haifuatwi. Basi. Nukta. Ukurasa unaofuata tuko tayari ku sura ya mwisho: serikali ijenge magereza mapya, majistra walipwe vizuri, raia wafundishwe haki zao.

Wandugu, ile sentensi njo ingekuwa mwanzo wa utafiti. Haifuatwi wapi? Haifuatwi kwa nani? Juu ya makosa gani? Kwa wiki ngapi au miaka ngapi? Kati ya wafungwa 100, wangapi wako na karatasi ambayo siku zake zimepita? Pale kazi ilipaswa kuanza, pale njo iliisha. Ukichukua TFC ile Lubumbashi ukaipeleka Kananga au Bunia, utabadilisha karatasi ya juu tu, ndani yote itabaki sawa. Na kazi ambayo inaweza kusafiri vile bila kubadilika haijasema kitu juu ya mji wowote.

Nimesoma zingine nne toka siku ile, za wasomi wa vyuo mbalimbali. Moja tu ilikuwa na jedwali, na jedwali lenyewe lilikuwa la vifungu vya sheria.

Najua mutasema: wewe wa mbolea unatafuta nini ku mambo ya parke? Nijibu kwa kuungama zambi yangu kwanza.

Ku kilimo tunafundishwa mraba wa mavuno. Mkulima akikuambia «mwaka huu nimevuna mingi», haumubishie na haumuamini. Unapima mraba shambani, tuseme metre 10 kwa 10, mahali pasipochaguliwa na yeye wala na wewe. Unavuna yote iliyo ndani, unakausha, unatia ku kilo. Namba inayotoka njo mazungumzo yanaanza. Ni kazi ya jua na ya jasho, lakini haimuogope shefu wala professa. Mimi, katika TFC yangu mwenyewe, mbuzi waliingia ku kipande kimoja cha majaribio na kula mahindi. Nilikuwa nimekawia, pesa ya usafiri ilikuwa imeisha. Nikaandika namba ambayo «ingekuwa». Hakuna aliyeona. Nikapita na pointi nzuri. Kwa hiyo sikuje hapa na mikono safi. Najua vizuri namna msomi anajifunza kujaza fasi tupu, juu nilijifunza. Tofauti ni hii: namba yangu ya uongo haikumuweka mutu ndani.

Tena kuna kitu ambacho watu wa sheria mara mingi hawakiambiwi: namna kubwa ya kupima mambo ya haki ya jinai ilitoka kwetu, ku shamba.

Mwaka 1919, Mwingereza Ronald Fisher aliingia kufanya kazi ku kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Shida yake ni shida ambayo kila mtu wa Katanga anaweza kuielewa kwa kuangalia vichuguu vyetu vikubwa. Udongo wa karibu na kichuguu ni tajiri kuliko udongo wa mbali. Ukitia NPK ku kipande kilicho karibu na kichuguu, na kipande cha mbali ukakiacha bila kitu, utasema NPK ni muujiza, kumbe ni kichuguu. Fisher alisema: usichague wewe. Gawanya shamba vipande vingi, piga kura, kura njo iseme kipande gani kitapata mbolea na kipi hakitapata. Hapo kichuguu hakina tena namna ya kukudanganya. Kitabu chake juu ya kupanga majaribio kilitoka mwaka 1935.

Ku Marekani, watu walioshugulika na makosa ya vijana walikuja kutumia kura ile ile. Katika mji wa Cambridge na mji wa Somerville, jimbo la Massachusetts, daktari Richard Cabot alianzisha kazi ya kuwasaidia watoto wanaume ili wasiingie ku wizi na ku fujo. Vijana 650 waliwekwa wawili wawili wanaofanana, kiisha walirusha sarafu: mmoja asaidiwe, mwenzake aachwe. Toka mwaka 1939 hadi 1945 washauri waliwatembelea wale wa upande wa kwanza nyumbani, wakawasaidia ku masomo, wakawapeleka ku kambi za likizo. Kila mutu aliona ni kazi nzuri. Miaka 30 kisha, Joan McCord akawatafuta, na mwaka 1978 akatoa matokeo. Wale waliosaidiwa, wengi kwao walisema kazi ile iliwafaa. Lakini namba zilisema ingine: hawakupungukiwa na makosa kuliko wenzao, na ku vipimo kazaa walikuwa wabaya zaidi.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya. Watu wema, pesa nyingi, miaka mingi, na matokeo ni mabaya. Kama hawangerusha sarafu, leo kitabu cha masomo kingesema ile kazi ilifaulu, na wangetafuta wahisani waifanye fasi zingine. Sasa fikiri juu ya mapendekezo yote yanayojaa sura za mwisho za TFC zetu: fanya hivi, jenga vile, fundisha raia. Nani amepima moja?

Mfano wa pili njo ningependa kila msomi wa sheria wa Kongo aujue, juu unagusa kabisa jambo la mdogo wangu. New York, mwaka 1961. Louis Schweitzer, injenieri wa kemia, si mwanasheria, alisikia kwamba maelfu ya watu wanakaa ku gereza wakingoja kesi kwa sababu moja: hawana pesa ya dhamana. Akaungana na Herbert Sturz, naye si mwanasheria, wakaanzisha shirika lililoitwa Vera na kazi iliyojulikana kama jaribio la dhamana la Manhattan. Waliofanya kazi yenyewe walikuwa wanafunzi wa sheria wa New York University. Sikilizeni vizuri: wanafunzi. Walikuwa wanashuka ku mahakama na fomu, wanakaa na mushitakiwa mbele hajaonana na mwamuzi, wanamuuliza maswali mepesi. Unakaa wapi, toka lini? Unaishi na nani? Unafanya kazi gani? Umewahi kuhukumiwa? Kila jibu lilikuwa na pointi, tena walihakikisha kwa jamaa au kwa bwana kazi. Aliyefika ku pointi zinazotosha, walimuandikia mwamuzi: huyu mutu ana mizizi hapa mjini, anaweza kuachwa bila pesa, atarudi.

Na hapo waliingiza kura ya Fisher. Ku wale waliostahili, nusu walipelekewa mwamuzi karatasi ya pendekezo, nusu karatasi ilifichwa. Wale wenye karatasi, karibu 6 kwa 10 waliachwa. Wale ambao karatasi yao ilifichwa, hata 2 kwa 10 hawakufika. Watu walikuwa sawasawa. Kilichobadilika ni karatasi ya mwanafunzi. Katika miaka mitatu ya kwanza, watu 3,505 waliachwa kwa njia ile, na waliokataa kurudi ku mahakama walikuwa 56. Mwaka 1966 rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria mpya ya dhamana kwa mahakama za serikali kuu ya Marekani, na kazi ile ya wanafunzi ilikuwa kati ya sababu.

Sisemi Marekani imemaliza shida ya magereza. Tunajua haikumaliza, magereza yao yalijaa zaidi kisha hapo. Tena ile kura ina uchungu ndani yake: kuna watu waliobaki ndani juu karatasi yao ilifichwa kwa bahati. Mahindi hayalie ukiyanyima mbolea, mutu analia. Mimi sitaki tuanze kurusha sarafu juu ya uhuru wa batoto ba batu. Lakini hatuhitaji sarafu ili kuanza. Tunahitaji fomu na kalamu.

Hapa njo naleta pendekezo langu, na munipige mukitaka.

Maswali ya Manhattan hayawezi kuletwa hivi hivi. Ukimuuliza mfungwa wa kwetu «bwana kazi wako ni nani», wengi watajibu «ninajitafutia tu». Ukiuliza adresi, avenyi nyingi hazina namba. Mutu wa mbali atasema basi hawa hawana mizizi. Uongo. Mizizi yetu inaonekana fasi ingine. Mama mdogo alikuwa anabeba bukari na sombe ku gereza mara mbili kwa wiki, siku ya posho na siku ya mungu, kwa miguu, miezi saba. Nilimuuliza siku moja kama hachoke. Akasema: «Mwanangu, miye sheria siijue. Miye najuaka tu kama nisipoenda, hatakula.»

Basi swali la kwanza la fomu yetu liwe hili: nani anakuletea chakula? Mfungwa ambaye mama yake anakuja mara mbili kwa wiki, miezi na miezi, huyo mutu anajulikana anakaa wapi. Hatakimbia. Mwamuzi akitaka kumuona, atume mutu kwa mama. Swali la pili: shamba lako au la jamaa yako liko wapi, na nani analima sasa? Mwenye shamba hakimbie mbele ya mavuno. La tatu: shefu wa avenyi anakujua? La ine: ulishikwa tarehe gani, na mwamuzi ulimuona mara ya kwanza tarehe gani? La tano: karatasi yako ya mwisho inamalizika siku gani? Maswali matano. Mwanafunzi mmoja anaweza kujaza fomu 20 kwa siku mbili. Promosio ya wanafunzi 60 ikifanya vile, ni wafungwa 1,200. Hapo tutakuwa na mraba wetu wa mavuno. Ile sentensi «sheria haifuatwi» itakuwa namba, na namba inaweza kuwekwa ku meza ya mukubwa wa parke kwa heshima zote.

Najua majibu yanayokuja, juu rafiki yangu alinipa yote usiku ule ule.

Jibu la kwanza: «Sheria ni elimu ya kanuni, si elimu ya kuhesabu.» Sawa. Lakini ninyi wenyewe munaandika sura ya mwisho juu ya mambo ya kweli na munatoa mapendekezo kwa serikali. Ukitoka ku kanuni ukaingia ku mambo ya kweli, umeingia shambani. Vaa buti.

Jibu la pili: «Hawatatuacha kuingia ku gereza.» Hili ni la kweli na silichezei. Kuna wakubwa ambao hawapendi mutu mwenye kalamu. Lakini barua ya mwanafunzi mmoja si sawa na barua ya fakulte nzima, yenye mpango, yenye kusema majina hayataandikwa. Na mahali gereza linafunga mlango, mbele ya mlango kuna wamama wenye masahani. Nao wanajua tarehe zote kwa kichwa. Hakuna anayehitaji ruhusa ya waziri ili kuzungumuza na mama anayengoja chini ya muti.

Jibu la tatu: «Walimu wenyewe hawalipwe vizuri, nani atasimamia kazi ya shambani?» Hili njo gumu kuliko yote, na sina dawa. Mwalimu anayefundisha vyuo vitatu ili ale hawezi kusoma fomu 1,200. Lakini ningependa tuseme hivyo wazi, kuliko kuficha umaskini wa kazi zetu nyuma ya Kilatini.

Na hapa nisiwe mwongo: mambo si sawa fasi zote. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina shule ya kriminolojia, na pale wamejaribu njia ingine, ya kumutuma mtafiti akakae fasi jambo linafanyika. Professa Raoul Kienge-Kienge Intudi, ambaye jina lake limeshikamana na shule hiyo, alitoa mwaka 2011 kitabu juu ya namna polisi ya Kinshasa inavyoshugulika na vijana wanaoitwa wakosefu, kwa njia ya etinografia: kukaa, kuangalia, kusikiliza. Kumbe inawezekana huku kwetu, na Mkongomani anaweza kuifanya. Lakini juu ya nini fakulte nyingi za sheria bado zinahesabu njia hii kuwa ya jirani tu, si yao? Mwanafunzi wa sheria anayemaliza leo kesho atakuwa majistra, OPJ, avoka. Atatia sahihi ku karatasi ya siku 15 bila kuwa ameona hata mara moja siku ya 16 inafanana namna gani.

Nimalize na jambo ambalo sote tunalijua. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 mwezi wa tisa mwaka ule, watu walijaribu kutoka. Serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 129 hivi, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wandugu, kati ya wale 129, wangapi walikuwa na mama anayebeba chakula kila wiki? Wangapi walikuwa wamepitisha siku za karatasi yao? Wangapi wangekuwa nyumbani usiku ule kama mwanafunzi mmoja angekuwa amejaza fomu mwezi mmoja mbele? Hatujui. Na sababu moja ya kutojua ni kwamba katika miaka yote ile, mamia ya wanafunzi walitetea TFC juu ya kufungwa kabla ya hukumu, wakapata distinksio, na hawakuhesabu.

Mdogo wangu anatayarisha shamba tena. Mbegu tumenunua nusu, nusu tutaona. Mimi nimeamua jambo dogo. Kila finaliste wa sheria aliye ku hii association anayetaka kufanya kazi ya fomu, nitamusaidia bure kutengeneza jedwali, kuhesabu, na kuchora grafike. Kuhesabu njo kazi niliyosomea. Na nikikuta umejaza fasi tupu kwa namba «ingekuwa», nitaijua, juu na mimi nilifanya.

Wasomi wa sheria, mujibu hapa chini. Munikosoe pale nilipokosea vifungu. Lakini mukijibu, muniambie pia: ku TFC yako kuna mfungwa mmoja?